Mfarishi wa Viraka

Neno kiraka katika Kiswahili chetu lina nyuso mbili. Mtangazaji wa mpira akisema kuwa fulani ni mchezaji kiraka, amemsifu: ni mtu anayeweza kuwekwa beki, kiungo au mshambuliaji na timu isitetereke. Lakini ukimwambia mwenzio kuwa hoja yake ni ya viraka, umemvunjia heshima. Na mtu akipita mtaani na kiraka kwenye goti la suruali, wapo watakaomhurumia, wapo watakaomcheka. Nimeishi na neno hili kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mtoto wa mama aliyevaa viraka, na sasa nikiwa mtu mzima ambaye jioni, akisha kuweka kalamu chini, hushona viraka kwa hiari yake. Mimi na mama yangu hatujakubaliana juu ya neno hilo. Nimeona niyaandike mabishano yetu, kwani yanagusa pia kazi yetu sisi tunaojiita watunzi.

Ninakaa Michenga, Ifakara, katika bonde la mto Kilombero, mkoani Morogoro. Msomaji wa visiwani ambaye hajafika huku na afikirie nchi tambarare ya mpunga, upande mmoja milima ya Udzungwa, upande wa pili milima ya Mahenge, na kati yake maji ambayo wakati wa masika hupanda na kufunika mashamba. Watu hudhani bonde ni joto mwaka mzima. Sivyo. Usiku wa Juni na Julai baridi hushuka, na aliyelala shambani, katika kibanda cha miti na nyasi au juu ya dungu akilinda mpunga, huijua baridi hiyo kuliko aliyelala mjini. Familia nyingi za huku huhamia mashambani kwa miezi kadhaa kila msimu. Blanketi huko ni kitu cha lazima, nalo huchakaa upesi kwa moshi, matope na umande.

Ninachoshona mimi ni mfarishi. Neno hili wazee wa mwambao wanalijua: ni tandiko au funiko la kitanda lenye matabaka, lililotiwa pamba au sufi ndani na kushonwa juu hadi chini ili kilichomo kisihame. Nililikuta katika kamusi wakati nikitafuta namna ya kufasiri hadithi ya Kiingereza iliyotaja kitu hicho kila ukurasa, nikashangaa kuwa tunalo neno zuri namna hii na tumeliacha lilale. Majirani zangu hawaliiti hivyo. Wao husema tu “blanketi la vipande”, na wanajua vema linatokana na nini.

Vipande navipata kwa mafundi cherehani wa mjini Ifakara. Fundi akishakata gauni, hubaki pembe za kwapa na za shingo na mapande membamba ya upindo ambayo hayamfai. Zamani aliyafagia akayachoma jioni. Mimi nilianza kwa kuamkia na kuomba. Lakini kitu kikiombwa mara tatu hupata bei, na siku hizi nalipa shilingi 1000 kwa mfuko uliojaa, au napeleka kichane cha ndizi, tukaelewana.

Mfuko huo una majira yake kama shamba. Desemba na Januari mafundi hushona sare za shule, na mfuko huwa buluu, nyeupe na kaki. Februari hadi Aprili, mpunga ungali shambani na ghala zimekauka, hakuna anayeshona nguo mpya. Fundi huketi akibadilisha zipu na kupunguza viuno, na mimi hurudi na mfuko mwepesi. Mavuno yakianza kuingia, fedha huonekana, harusi hufuatana, na ndipo vitenge na satini hutapakaa sakafuni. Satini hupendeza macho na kuitesa sindano: huteleza, nayo hufumuka nyuzi pembeni, kwa hiyo huiweka baina ya vipande viwili vya pamba ili viishike. Mwaka 2025, ambao ulikuwa wa uchaguzi mkuu, nilipata kijani na njano hadi nikachoka kuzitazama. Anayejua kusoma anaweza kuutazama mfarishi wangu na kutaja ulishonwa mwaka gani na mwezi gani, na kama mwaka huo mpunga ulikubali.

Kipimo changu ni kipande cha boksi gumu, sentimita 17 kila upande. Mshono hula sentimita moja kila upande, hubaki mraba wa sentimita 15. Kwa kitanda cha futi nne kwa sita nahitaji miraba 140, kumi kwa upana na kumi na minne kwa urefu, ili mfarishi uning'inie kidogo pembeni. Kabla ya kushona huitandaza yote sakafuni, nikapanda juu ya kiti, nikatazama. Nikiona buluu imekaribiana mno na buluu, nashuka, nahamisha, napanda tena. Kazi hiyo peke yake huweza kuchukua jioni tatu, na ndiyo niipendayo kuliko zote.

Tabaka la chini ni shuka la mtumba, shilingi 3000 ukivumilia kuchambua. Ndani hutia sufi. Misufi ipo, na kiangazi maganda yake yakipasuka huwa ni bure kwa mwenye kuokota. Sufi ni nyepesi mno na haipendi maji. Ndiyo maana zamani ilijazwa katika makoti ya kuokolea maisha baharini. Lakini nyuzi zake ni fupi na laini, hazishikani kama za pamba. Ukiijaza bila kuishona, baada ya wiki chache itakusanyika upande mmoja, na katikati utabaki na nguo tupu. Kwa hiyo lazima mishono ipenye matabaka yote matatu, na baina ya mstari na mstari visizidi vidole vinne. Siku ya kutandaza sufi hufunga mlango na dirisha, nikajifunga kitambaa puani, kwa sababu upepo mdogo tu huigeuza chumba kizima kuwa moshi mweupe, na kifua hukohoa siku mbili.

Nikijumlisha, vipande shilingi 1000, shuka 3000, uzi wa 2500, sindano 200: jumla shilingi 6700. Blanketi jipya la dukani sikulipata chini ya 25,000. Hesabu hii nilimwonyesha mama kwa furaha, naye alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Na jioni zako za miezi mitatu umeziandika wapi?” Aliniambia kuwa jioni hizo ningekaanga maandazi ningenunua mablanketi mawili, na chenji ingebaki. Sikuwa na jibu. Nimejaribu mara nyingi kufasiri lile neno la Kiingereza la jambo afanyalo mtu kwa kujifurahisha tu, nikaandika “burudani”, nikaandika “kitu cha kupitishia wakati”. Mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka sabini na tano, hajapata kuwa na wakati wa kupitisha.

Hata hivyo hilo halikuwa shina la mabishano yetu. Shina lilikuwa shairi.

Mimi sikupita darasa la saba. Vina na mizani nilivijua kwa kusikiliza kipindi cha Malenga Wetu katika Radio Tanzania, nikihesabu silabi kwa vidole nikiwa jikoni. Nilipomaliza mfarishi wangu wa kwanza nilijiona nimeshika siri moja kubwa. Niliona kuwa mshonaji wa viraka na mtunzi wa shairi ni ndugu: mmoja amepewa mizani kumi na sita na vina viwili, mwingine amepewa mfuko wa mabaki, na wote wawili uzuri wa kazi yao huzaliwa na ule ufinyu. Nikaandika shairi la kukisifu kiraka, beti saba. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Kiraka nakusifia, rangi zako zaliwaza,
Wanyonge wajivunia, baridini wawatunza,
Tundu ukishazibia, nguo mbovu yapendeza,
Haya nimeikimbia, kiraka wanitukuza.

Nilimsomea mama barazani. Sikufika ubeti wa pili. Aliinua mkono, akaniambia nirudie mshororo wa pili, nikaurudia. Akauliza, “Wanyonge gani hao wajivunia?”

Nikamwambia, “Mama, hiyo ni lugha ya ushairi.”

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama naukumbuka msiba wa dada yake. Nilisema naukumbuka, kwani nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Akauliza, “Unakumbuka nilikaa wapi?”

Nilikumbuka. Ilikuwa mwaka 1983. Wanawake walijaa uani, wengine wakisonga ugali, wengine wakiteka maji, na mama yangu, ambaye ndiye aliyefiwa na ambaye kwa desturi angekuwa akiinuka kila mara kupokea wageni, alikaa ameegemea ukuta wa udongo tangu asubuhi hadi jua lilipotua. Wageni walimwinamia pale alipo. Mimi mtoto nilidhani ni huzuni imemlemea. Miaka yote nilikuwa na picha hiyo moyoni nikiiita huzuni.

Siku ile barazani ndipo aliponiambia. Gauni lake lilikuwa la kaniki, na nyuma, kutoka kiunoni kushuka chini, lilikuwa viraka juu ya viraka. Kimojawapo alikikata kwenye mfuko wa unga, na maandishi ya mfuko yalikataa kutoka kila alipoyafua. “Ningeinuka,” alisema, “wangenisoma.” Akaongeza kuwa alimlilia dada yake kwa jicho moja, na jicho la pili lilikuwa likilinda mgongo.

Vijana wasioijua miaka ile wanaweza kudhani mama alikuwa fukara kuliko wenzake. Hapana, alikuwa kama wao. Vita na majeshi ya Idi Amin vilianza mwaka 1978 vikaisha 1979, na baada yake nchi ilikauka fedha za kigeni. Viwanda vyetu vya nguo, ambavyo tulijivunia tangu Urafiki ilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, vilipungukiwa vipuri. Nguo ilipatikana kwa foleni na kwa majina, na jina lako liliweza kurukwa. Mwaka huohuo wa 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi, ukisimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye Aprili 1984 alifariki kwa ajali ya gari hukuhuku mkoani kwetu, Dakawa. Ni baada ya biashara kulegezwa, kuanzia mwaka 1984, ndipo mitumba ilipoanza kumiminika, na mama akatupa kaniki ile. Msomaji wa Unguja na Pemba naye anazo kumbukumbu zake za foleni. Sina haja ya kumfundisha.

Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama upya historia ya nguo zetu. Masimulizi ya asili ya khanga tunayajua. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua leso za mraba zilizopigwa chapa, zikiwa bado hazijatenganishwa, sita kwa pamoja. Wakazikata tatu tatu, wakaziunga kwa sindano, likapatikana vazi moja pana. Baadaye wenye maduka waliagiza vazi hilo likiwa limechapwa kipande kizima, na mwanzoni mwa karne ya 20 yakaja majina, yaani yale maneno ya chini. Kwa hiyo vazi linaloutambulisha mwambao wote lilianza kwa kuunga vipande. Zamani nilipenda kuitaja habari hii kama hoja ya kumtetea kiraka. Sasa naona nilikuwa naruka jambo. Wale wanawake hawakuziunga leso kwa sababu nguo zao zilitoboka. Waliingia dukani, wakachagua, wakabuni. Na baada ya utumwa kufutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa waliziacha merikani na kaniki, nguo zilizowatambulisha kwa utumwa, wakavaa khanga. Walijua kabisa tofauti ya nguo uliyopewa na nguo uliyochagua. Mwanamke wa mwambao huchagua jina la khanga yake, akamwambia mke mwenza au jirani kile asichoweza kukisema kwa mdomo. Mama yangu alibeba mgongoni jina la kiwanda cha unga.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Alabama, Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, kwenye pindo la mto kama sisi, kinachokaliwa na vizazi vya watumwa wa mashamba ya pamba. Wanawake wake walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa magotini, kwa sababu nyumba zilipenya upepo na hapakuwa na kingine cha kujifunika. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika makumbusho makubwa ya sanaa, Houston na kisha New York, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta. Watu waliisifu kwa maneno ambayo kwa kawaida husifiwa wachoraji wakubwa. Naye Alice Walker, katika hadithi fupi ya mwaka 1973 iitwayo Everyday Use, alimweka mama mmoja kati ya binti wawili: mmoja amesoma, anaitaka mifarishi ya mabibi aitundike ukutani, mwingine hakusoma, naye angeitumia kitandani hadi ichakae. Mama huyo anampa asiyesoma. Ndiyo hadithi niliyokuwa nikiifasiri nilipolikuta neno mfarishi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilijihesabu upande wa binti wa kitandani, kwa kuwa nami sina shule na mifarishi yangu hulaliwa. Baada ya swali la mama nilijitambua kuwa mimi ndiye yule wa ukutani. Shairi langu lilikuwa msumari wa kutundikia.

Nimelitafakari sana lile fumbo langu la mizani na umaskini, na sasa nadhani lina kosa. Vina na mizani ni pingu ambazo mtunzi amezivaa mwenyewe. Akichoka huweka kalamu chini akaenda kulala, na kesho hakuna atakayemwona uchi. Aliyevaa kiraka mwaka 1983 hakuwa na pa kukiweka chini. Tunapoandika kuwa ufinyu huzaa uzuri, na sisi washairi tunapenda sana kuandika hivyo, inafaa tuulize kwanza ufinyu huo ni wa nani, na kama aliulizwa.

Nami nasimama wapi? Si mahali pa mama, wala si mahali pa mwenye kununua kitambaa kipya akikate vipande kwa kujifurahisha. Nashona kwa mabaki kwa sababu siwezi kununua jora. Lakini nashona, badala ya kukaanga maandazi, kwa sababu napenda. Rangi zinachaguliwa na harusi za watu, na shule, na uchaguzi, na mvua. Mimi nachagua tu kipi kikae kando ya kipi. Ni uhuru mdogo, wa kupanda juu ya kiti na kutazama sakafu. Mama hakuwa nao mwaka ule, na ninautumia nikijua hivyo.

Shairi la beti saba sikulipeleka popote. Nimeunukuu ubeti wake mmoja hapa ili msomaji aone jinsi vina vinavyoweza kutimia na neno likawa si kweli.

Kiangazi kimoja baada ya hayo nilikuwa nikimalizia mfarishi wa mdogo wangu, ambaye hulima mpunga ng'ambo na hulala shambani. Niliuacha juu ya mkeka uani, ikibaki mistari michache, nikaenda sokoni. Niliporudi nilimkuta mama ameuweka magotini, amevaa miwani, wembe mkononi. Alikuwa amefumua mstari wangu mzima na alikuwa akiushona upya, mishono midogo kama punje za mchele.

Nikamwamkia, akaitikia. Nikauliza, “Mama, mbona umefumua?”

Akajibu bila kuinua macho, “Huu usingefika mavuno ya pili.”

Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Hadi leo mama hujifunika blanketi la dukani, na simshurutishi. Mfarishi ule uko shambani, umeshanuka moshi. Mistari yangu ndiyo mingi, wake ni mmoja, na hata gizani ukipitisha kidole utautambua.